Historia ya Nesi Rozalia, Aliyetuomba Shuka

Baba Padre Liberatus, wazee wa Kalenga, ndugu wa pande zote mbili, wafanyakazi wenzake marehemu mliotoka mjini, na wote mliosimama juani kwa kukosa kivuli, kamwene. Mimi ni Joachim Antoni Kihwele, mwalimu, mdogo wake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake. Asubuhi hii mjomba Timotheo ameniomba niwe mfupi, na habari ya nguo niiache tuimalize wenyewe ndani. Nimemsikia, ni mjomba wangu na namheshimu, lakini nguo zenyewe zimerundikwa pale kando ya jeneza mbele ya macho ya watu wote, migolole na shuka mpya zinazongoja kuingia naye kaburini, na marehemu aliacha neno juu yake, kwa hiyo nitaisoma historia yote, mpende msipende.

Rozalia binti Antoni Kihwele alizaliwa hapa Kalenga tarehe 3 Machi 1930, mtoto wa pili wa marehemu Antoni Kihwele na marehemu Perpetua, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo. Alianza shule ya misheni mwaka 1938, darasa zima likiwa na wasichana wanne, baba akachekwa kwenye pombe kwamba anamsomesha mke wa mtu, akamaliza darasa la sita mwaka 1944, na Januari 1947 akaingia mafunzo ya uuguzi katika hospitali ya misheni, akafaulu Desemba 1949. Wale waliomcheka baba ndio waliokuja baadaye kumwita binti yake mbio mbio kila mtoto aliposhikwa na degedege, tena wengine hata hodi hawakupiga.

Aliajiriwa serikalini tarehe 1 Februari 1950 hapa Iringa, akahamishiwa Mbeya mwaka 1952, na huko akakutana na shemeji yetu Lutengano, Mnyakyusa wa Rungwe, dereva wa greda la barabara, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Juni 1953. Walijaliwa watoto watatu, Edmund aliyezaliwa mwaka 1954, Juliana aliyezaliwa mwaka 1957, na Agnes aliyezaliwa mwaka 1960 na kufariki kwa surua akiwa na miaka miwili.

Mwezi Agosti 1969 shemeji Lutengano aliugua uvimbe wa ini, akalazwa wiki tatu katika hospitali ambayo wazee wameniomba nisiitaje, na sitaitaja, kisha ikaandikwa kwenye karatasi kwamba hakuna la kufanya, arudishwe nyumbani. Dada aliomba likizo akanyimwa, kwa maelezo kwamba wauguzi ni wachache, na hivyo akawa anageuza wagonjwa wa watu wengine wodini kutwa nzima, huku mume wake amelala nyumbani kwa upande mmoja, hana wa kumgeuza isipokuwa Juliana wa miaka kumi na miwili, mgongo ukaoza mpaka mfupa ukaonekana, akafariki tarehe 19 Novemba 1969. Mnisamehe kuyataja haya mbele ya jeneza, lakini mwenyewe aliyataja kila mahali, akisema kwamba aliyeandika hakuna la kufanya hajawahi kukaa na mgonjwa hata saa mbili, maana kuna kufua, kuna kugeuza, kuna kusafisha kinywa kwa maji ya chumvi, kuna kupaka mgongo mafuta ya karanga, kuna kuweka mkaa chini ya kitanda upunguze harufu ya kidonda, na kuna kumwambia mtu ukweli wake pale anapouuliza.

Kuanzia hapo akawa anawafuata nyumbani wale walioandikiwa karatasi hiyo, baada ya zamu yake, kwa miguu yake. Tarehe 8 Februari 1971 alichukua stoo shuka mbili zilizochakaa, ambazo tayari zilikuwa zimeandikwa kwenye daftari kuwa ni za kuchomwa moto, akampelekea mama mmoja aliyekuwa amelalia gunia, na kwa kosa hilo mwanamke aliyelitumikia taifa miaka ishirini na moja akaitwa mwizi wa mali ya umma, akashushwa cheo na kuhamishiwa zahanati moja wilayani Chunya. Mimi nilikasirika siku ile na hasira hiyo sijaimaliza, kwa sababu moto ulionekana unastahili kupewa shuka kuliko binadamu, na hakuna aliyeona haya kutia sahihi.

Chunya alikaa kuanzia Machi 1971 hadi Novemba 1974, akipita kwenye vumbi kwa baiskeli baina ya wachimba dhahabu na wakulima wa tumbaku, na huko alimuuguza Nkuba, Msukuma aliyelala miezi mitano juu ya ngozi ya ng'ombe, akamfundisha mkewe, mama Mbuke, kazi yote ya kumtunza, mpaka Nkuba akafariki mwili wake ukiwa hauna kidonda hata kimoja. Mama Mbuke baadaye alihamia bonde la Usangu na mifugo ya kaka zake, na leo yupo hapa, ni yule mama aliyekaa peke yake karibu na jiko, ambaye baadhi yenu mmekuwa mkiulizana tangu jana ni nani na ameletwa na nani.

Mwaka 1974 marehemu alirudishwa Iringa, akapanga nyumba Mlandege, na mtaa mzima unajua alivyokuwa akizunguka na kikapu chake kuomba shuka kuukuu kwa ajili ya wagonjwa waliolala majumbani. Tujisemee wenyewe leo, tulikuwa tukimwona anakuja tunaambizana kwamba huyo anakuja kuomba shuka, tunafunga mlango na kuwanyamazisha watoto, na yeye alikuwa anatusikia. Mwaka 1976, kwenye msiba mmoja palepale Mlandege, aliwaomba wafiwa nguo moja tu kati ya zile zilizokuwa zinaingia kaburini, ampelekee jirani aliyepooza, wakamfukuza kama mchawi, na katika waliosimama wakimtazama anafukuzwa mimi nilikuwepo, nikatazama chini.

Oktoba 1977 alianza kutokwa damu, na Februari 1978 ikaonekana ni kansa ya kizazi, imekwisha kupita mahali pa kisu. Daktari hakumwambia yeye, aliniita mimi koridoni, kwa desturi yetu hii ya kumficha mgonjwa ugonjwa wake, nami nikaingia wodini nikamwambia nesi mwenye miaka ishirini na nane kazini kwamba ni vidonda vya tumbo. Akanitazama, akaniuliza kama kwenye shule yangu ndivyo tunavyofundisha, kisha akaniambia mwenyewe jina la ugonjwa wake, na miezi aliyobakiwa nayo, na akakosea kwa wiki mbili tu.

Tarehe 9 Mei 1978 alirudishwa nyumbani na karatasi ileile. Tuliomba ofisi imtume nesi walau mara moja kwa wiki, tukajibiwa kwamba kazi ya nesi ni wodini, tukaomba gari la kumpeleka kusafishwa kidonda, tukaambiwa ni bovu. Ndugu tulikuja, tena kwa wingi, tukajaza sebule, tukamshurutisha kula ugali asioweza kuumeza, tukamwambia anaendelea vizuri, tukaondoka bila mtu kuinua blanketi kutazama mgongo wake. Mwezi Julai alinitumia barua fupi akiniomba shuka mbili, kwa kuwa alizokuwa nazo alikwisha kuzigawa, nami nikamjibu kwamba angoje shule zifungwe. Mgolole mweusi ule wa juu kabisa, wenye pindo jekundu, ni wangu, nimeununua juzi Jumatatu, hazijapita hata saa tatu baada ya kupata habari ya kifo.

Aliyekuja ni mama Mbuke. Alisikia habari kwa wachuuzi wa mchele, akatoka Usangu na mzigo wake kichwani, akafika Mlandege tarehe 20 Agosti, hakuuliza ruhusa ya mtu, akachemsha maji, akamgeuza, akamwosha, akamlaza juu ya shuka aliyokuja nayo, na kwa siku ishirini na mbili hakumwacha. Jana baadhi yetu walipomwambia asogee, kwamba kumwosha maiti ni kazi ya ndugu, alijibu neno ambalo nalisoma kama alivyolisema: "Mimi siyo ndugu yake, ila mgongo wake naujua kuliko nyie wote." Dada Rozalia alifariki Jumatatu tarehe 11 Septemba 1978, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na minane, mikononi mwa mama huyo na mwanawe Juliana.

Sasa neno aliloliacha, aliloliandika kwa mkono wake tarehe 2 Septemba, ni hili, kwamba azikwe na shuka ileile aliyolalia, na nguo nyingine yoyote itakayoletwa msibani ipelekwe kwa wagonjwa tisa ambao majina yao na nyumba zao ameziorodhesha, na wa kwanza ni mzee Didas wa Mlandege, ambaye hadi asubuhi hii amelalia gunia. Wazee wanasema ukoo utaaibika tukimpeleka dada kwa marehemu wenzake bila nguo, nami nawajibu kwa heshima yote kwamba aibu tumekwisha kuipata, tangu Mei tunayo. Edmund ndiye mkubwa wa watoto wake, amekubali, na Baba Padre amesoma barua hiyo, na jeneza limekwisha kupigwa misumari.

Familia inamshukuru daktari kijana aliyekuja nyumbani mara tatu kwa baiskeli yake na dawa ya maumivu, bila kutumwa na mtu, majirani wa nyumba mbili za Mlandege waliochota maji kila siku, wenyewe wanajijua na waliobaki nao wanajijua, wauguzi wenzake waliopita kwa kujificha baada ya zamu, na zaidi ya wote mama Mbuke. Tunaishukuru pia ofisi kwa shada la maua na kwa kutuletea landrova, ambayo tuliambiwa ni mbovu tangu Mei na leo tumefurahi kuiona imepona. Dereva, tunakuomba usirudi mjini na gari tupu, fungua mlango wa nyuma, vijana wapakie nguo hizi, waanze na ule mgolole wa juu, na Juliana atapanda mbele na ile orodha akuonyeshe nyumba.

Dada Rozalia, tumekuchelewesha sana, sasa pumzika kwa amani ya Mungu.