Ndege Mbili Juu ya Kishanda: Historia ya Marehemu Clavery Karugendo Mwijage

Baba Paroko, ndugu viongozi wa Chama na wa kijiji, wazee wa ukoo, majirani na wafiwa wenzangu, ninasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi Immakulata, mdogo wake marehemu, kuwasomea maisha yake, na kabla sijaanza ninaomba jambo moja tu, nisikatizwe, kwa sababu sehemu moja ya historia hii nimejaribu kuisimulia katika ukoo huu tangu mwaka 1969 na sijawahi kuachwa niifikishe mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa Kishanda, Muleba, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Bukoba, akiwa mtoto wa kwanza wa Ta Mwijage na Ma Georgina, ambao wote wametangulia mbele ya haki, na akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Cheti chake cha shule kinasema 1937, na kinakosea.

Alisoma shule ya misheni hapa parokiani, kisha shule ya kati Bukoba, na baadaye sekondari mjini Tabora, alikomaliza mwaka 1956. Baba alitaka awe karani wa kahawa, kazi ambayo mtu huifanya akiwa karibu na migomba yake, lakini marehemu akaajiriwa Mwanza katika ofisi ya hali ya hewa, akawa analipwa mshahara kwa kutazama mawingu, jambo ambalo Baba alilieleza kwa wageni kwa shida sana. Nchi ilipopata Uhuru walitafutwa vijana wa kusomea kazi ambazo Waafrika hawakuwa wakizifanya, naye akapelekwa Uingereza Januari 1962, akarudi Desemba 1963 akiwa rubani wa ndege ndogo za serikali zilizobeba dawa, maofisa na barua katika mikoa ya ziwa.

Hapa inanibidi nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa wengi mmeisema bila kuuliza. Rubani akiingia ndani ya wingu haoni mbele wala chini, na mwili wake unaanza kumdanganya, unamwambia amekaa sawa kumbe ndege imelala ubavu, kwa hiyo hufundishwa kutouamini mwili na kuamini zile saa zilizo mbele yake, moja ya kimo, moja ya mwendo, moja ya dira, moja inayoonyesha mabawa kama yako sawa. Tena viwanja vyetu vingi havikuwa na mtu wa kuongoza ndege, hivyo kila rubani alijitangaza mwenyewe kwenye redio, kwamba mimi ni fulani, niko mahali fulani, kimo fulani, naelekea kule, akatangaza hata kama hakuna anayejibu, kwa ajili ya mwingine ambaye huenda yumo ndani ya wingu lilelile.

Kazi hiyo aliifanya vizuri, na tatizo ni kwamba aliifanya hata nyumbani. Alipanda baiskeli akitangaza kwamba anakata kona ya kushoto, aliingia shambani akitangaza kwamba anaingia kutoka upande wa mto, na kanisani, Baba Paroko ni shahidi, alitamka kwa sauti benchi analoliendea. Tarehe 8 Januari 1966 alifunga ndoa na Alistidia Kokubanza wa Bilele, Bukoba, ambaye mwanzoni alimjibu kila tangazo kwa heshima ya mke mpya, baadaye akamjibu baadhi, na mwishowe akaacha kabisa, ikawa nyumba nzima inajua marehemu yuko wapi wakati hakuna aliyemuuliza. Mungu aliwajalia watoto watatu, Mujuni, Georgina na Byabato.

Sasa ninafika kwenye sehemu yenyewe.

Mwaka 1968 wananchi wa Kishanda walijitolea kufyeka kiwanja cha ndege bondeni, na siku ya kukifungua, karani aliyetoka Bukoba aliwasha moto mdogo pembeni, wa majani mabichi, ili rubani aone upepo unatoka wapi. Ndege ikatua. Watu waliokuwapo wakaelewa kwamba moshi ndio unaoita ndege, na Ta Lwakatare, baba yetu mdogo, akakabidhiwa kazi ya moshi, akaishika kwa moyo wote.

Baba alifariki tarehe 11 Novemba 1969, na mazishi yakapangwa Alhamisi tarehe 13. Marehemu ndiye aliyekuwa omusika, mrithi mkuu, aliyepaswa kuwa wa kwanza kutupa udongo, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa anapeleka chanjo ya ndui Bukoba kutoka Mwanza, mkubwa wake alimruhusu atue Kishanda, azike, kisha aendelee. Asubuhi ile mawingu yalikuwa chini, yamekaa juu ya migomba, na Ta Lwakatare, kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa kaka yake na kwa mtoto wa kaka yake, akaona moto mmoja hautoshi, akaagiza kila mji uwashe wake, majani ya migomba yaliyolowa mvua, bonde zima, ili Clavery asipotee. Sitaki mtu acheke. Ulikuwa wema. Lakini kiwanja kilifunikwa kama chungu kwa majani.

Tuliokuwa chini tulisikia ndege, ikazunguka, ikaondoka. Ndege nyingine ikatokea upande wa ziwa, ikatua, watu wakaikimbilia wakilia, na akashuka Mzungu, na nesi, na mama mjamzito amelazwa kwenye machela, wakapakiwa kwenye Land Rover ya misheni wakaenda zao. Tukangoja. Baba akazikwa jioni, na udongo wa kwanza ukatupwa na mtu mwingine. Marehemu alifika Jumamosi kwa meli, akakuta watu wamekwisha kubaliana kwamba aliogopa, au kwamba aliona aibu kuchafua viatu vya serikali, na wimbo huo umeimbwa miaka minane.

Aliulizwa, naye akajibu neno moja, "Nilitoa taarifa."

Shemeji yangu Alistidia akamwambia mbele yangu, "Ulimpa nani hiyo taarifa?"

"Waliokuwa hewani."

"Baba mdogo hakuwa hewani, baba Mujuni! Alikuwa kaburini na jembe!"

"Basi asiyekuwa hewani haimhusu," akasema, akatangaza kwamba anatoka kwa mlango wa nyuma, akatoka.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na ninyi mliomlilia tangu Jumamosi mjue kwamba wengine tulimlilia mapema, kwa hasira.

Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, alizungusha maofisa mkoa mzima, lakini mwaka 1975 alianza kuugua figo, akaachishwa kuruka. Hata ugonjwa aliufanyia kazi kwa saa, kama yumo ndani ya wingu, mwili ukimwambia anaumwa alichukua kipimajoto, na kipimajoto kikisema mzima aliondoka kitandani, tukabishana naye bila faida. Alilazwa hospitalini Bukoba mara mbili, na akafariki Jumamosi tarehe 20 Agosti 1977.

Jumapili Ta Lwakatare aliagiza kaburi lichimbwe upande wa chini, kwenye mikahawa, mbali na Baba, na likachimbwa. Jana jioni ukoo ukakaa kikao, na Sista Ephrasia, yule nesi wa mwaka 1969, akaomba kusema. Alieleza kwamba walitoka Biharamulo na yule mama, wakakuta Bukoba imefungwa na mvua, mafuta hayatoshi kurudi, ikabaki Kishanda tu, na juu ya bonde letu wakamsikia marehemu redioni akitaja kimo na mahali alipo, naye alikuwa karibu mno, wote wawili vipofu ndani ya wingu lile, wakitafuta tundu moja. Marehemu aliposikia kuna mgonjwa akamwambia yule rubani ashuke yeye, kisha akapanda juu, akatoka kuelekea ziwani, akitaja kimo chake kila mara ili wasigongane, hadi aliposikia magurudumu yao yako ardhini, na kufikia hapo mvua ilikuwa imeziba kila kitu na mafuta yake yakitosha Mwanza tu.

Ta Lwakatare akasema, "Mimi si kiziwi. Niliisikia ya Clavery ikija, nikaisikia ikiondoka."

"Na ile niliyoshuka mimi, Taata?"

"Ile ya Mzungu."

"Basi zilikuwa mbili."

"Mbili, ndiyo. Nani amebisha?"

"Na kwa moshi ule, palikuwa na nafasi ya moja."

Hakuna asiyejua moshi ule uliagizwa na nani, na mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Migomba yangu ilibaki uchi siku ile," watu wakacheka, na Ta Lwakatare akanigeukia mimi.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuambia, Taata, kwamba zilikuwa mbili. Kila mwaka."

"Mlisema," akajibu. "Hamkunieleza."

Alikuwa amekwisha simama na kushika fimbo yake, akiwaita vijana. "Lile shimo la mikahawani lifukieni. Chimbeni kwa kaka yangu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukoba waliomvumilia, maana hakuwa mgonjwa mwepesi, marubani wenzake waliosafiri kutoka Mwanza, Sista Ephrasia, Baba Paroko, majirani waliotoa ndizi, kuni na nyasi za kukalia, na kwa namna ya pekee vijana waliochimba kaburi mara mbili, la pili usiku kucha kwa taa za chemli. Ta Lwakatare ameomba awe wa kwanza kutupa udongo, na mke na watoto wa marehemu wamekubali. Wenye moto pale nyuma, tafadhali punguzeni.

Clavery, miaka yote ulitangaza na hatukukujibu, tukaona ni maudhi, na yalikuwa maudhi. Leo tunajibu. Tumekusikia, kaka, hakuna mwingine njiani, shuka upumzike kwa amani.