Ngozi Iliyofuliwa kwa Sabuni

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Katika bonde zima la Glen Orrin hakuna mtangazaji anayesikilizwa Jumapili asubuhi kunishinda mimi, Coral Pettigrew. Hayupo hata mmoja. Mlima umeziba redio nyingine zote zisishike, kwa hiyo ni mimi, au mjisikilize wenyewe mkitafuna mkate.

Leo tunamkumbuka Ngaire Tulloch. Ngaire alituaga Jumanne, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini na tatu. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu yeye mwenyewe alitaka liwe wazi. Nje mti wa kowhai ulikuwa umechanua njano tupu, na ndege walikuwa wanagombania maua yake kama watoto na peremende. Binti yake Rhona anasema neno la mwisho alilomsikia mama yake akisema ni hili: "Hebu wasikie hao, hawana adabu kabisa." Akacheka kidogo, akalala, hakuamka tena.

Basi tusinuniane. Ngaire hakupenda watu wanaonuna.

Ninao hapa studio wawili. Rhona, binti yake. Na mume wa Ngaire, Mzee Dougal Tulloch, ambaye mnamfahamu kwa kofia. Kofia ile ilikuwa ya baba yake, na baba yake alikuwa na kichwa kama boga la maonyesho ya wakulima. Siku ya harusi, mchungaji alipomwambia Dougal ambusu bibi harusi, kofia ilimshukia hadi puani akambusu bega. Nilikuwepo. Nilicheka mpaka mama akanifinya.

Ngaire alikuwa mtoto wa mjini. Alikulia Dunedin, baba yake akiuza vitambaa, na alikuja kwetu na masanduku mawili na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, wasikilizaji! Hakuna bonde New Zealand nzima lenye matope kama letu. Mama mkwe wake aliviangalia vile viatu akasema, "Mwanangu, umetuletea vyombo vya kupandia maua? Ahsante."

Lakini alikuwa na imani, yule msichana. Aliimba kanisani kwa sauti kubwa na kwa tuni yake mwenyewe, tofauti na tuni ya kinanda. Dougal hakuwa mtu wa kanisa. Alimfikisha mlangoni kila Jumapili, kisha akakaa kwenye gari akisoma gazeti. "Mimi mambo hayo siyawezi," alisema. "Wewe ingia, niombee na mimi ukipata nafasi."

Mwaka wa tatu wa ndoa walipata mtoto wa kike, wakamwita Iona. Ilikuwa katikati ya baridi. Iona hakumaliza wiki.

Nitalisema mara moja tu, maana Ngaire mwenyewe hakulirudia mara nyingi. Walimzika Iona, na Ngaire akarudi nyumbani, akafunga kitabu chake cha zaburi kabatini, na kanisani hakwenda tena. Mchungaji alikuja, akapewa chai. Alikuja tena, akapewa chai bila biskuti. Mara ya tatu Ngaire alimwambia mlangoni, "Mchungaji, sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na mwajiri wako."

Baridi ikapita. Ikaja Septemba, majira ya kuchipua, na kondoo wakaanza kuzaa. Hapo ndipo Ngaire alipomwambia mume wake wakiwa mezani: "Kondoo wakimaliza kuzaa, nitakwenda kwa mama Dunedin."

"Kusalimia?" Dougal aliuliza.

"Kukaa."

Dougal akaendelea kukata mkate. Ndivyo alivyo, hata leo ukimkanyaga mguu hujui mpaka avue kiatu.

Sasa shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Mwanamke amepakia masanduku yake mawili, yako chini ya kitanda. Kilichomweka bado ni kondoo tu, maana msimu wa kuzaa hakuna mtu bondeni anayemwacha mwenzake na kundi peke yake, hata kama hawasemezani.

Jumapili moja alfajiri, Dougal alikuta kondoo jike amezaa mtoto aliyekufa. Amesimama juu yake, anamlamba, anamwita. Na pale bandani kulikuwa na mwanakondoo mwingine, mama yake amekufa, analia njaa. Nyinyi nyote mnajua kinachofanyika. Unamchuna yule aliyekufa, unamvisha yatima ile ngozi kama koti, mama ananusa, anasikia harufu ya mwanawe, anamkubali. Babu zetu walifanya hivyo, na sisi tunafanya.

Dougal alichuna ngozi, akampa Ngaire. "Mvishe huyu mdogo," akasema. "Mimi namtazama yule jike anayesumbuka kuzaa kule bondeni."

Mwili wa yule aliyekufa ulitakiwa kutupwa shimoni kama wengine. Ngaire hakuutupa. Aliuzika chini ya mti wa kowhai ulio mbele ya dirisha la jikoni, akapanda juu yake kitunguu cha ua la narisi. Kisha akaitazama ile ngozi. Ilikuwa na damu, ilikuwa na utelezi, ilikuwa inanuka. Na Ngaire alikuwa binti wa muuza vitambaa.

Dougal aliporudi alimkuta mwanakondoo amevaa koti jeupe safi, limesimama manyoya kama la mtoto wa tajiri. Kondoo jike alikuwa anampiga kichwa, anamtupa ukutani.

Dougal akainama, akanusa. "Ngaire. Umefanya nini?"

"Nimemvisha, kama ulivyosema."

"Mbona ananukia lavenda?"

"Nimeifua."

"Umefua ngozi?"

"Kwa sabuni na maji ya moto. Nikaikaushia jikoni kwenye jiko. Ilikuwa chafu, Dougal! Wewe ungeivaa?"

Dougal alikaa juu ya ndoo akacheka. Alicheka hadi kofia ikamfunika macho. Ngaire naye akaanza kucheka, kwa mara ya kwanza tangu baridi ile, na katikati ya kicheko akageuka akawa analia. Alilia kama mtu anayetapika. Dougal akainuka kwenye ndoo.

"Hata hili nimeshindwa," Ngaire akasema. "Kazi ni kumpa mtoto mama na mama mtoto. Hata hili."

Akapiga magoti kwenye majani makavu, akamshika yule kondoo jike shingoni kwa nguvu, akamsogeza mdogo anyonye. Jike akamkataa. Akamsogeza tena. Akakataliwa tena. Mvua ikaanza kunyesha. Na Dougal, aliyesimama mlangoni, akamsikia mke wake akiongea, na si na kondoo.

"Wewe," Ngaire alisema. "Kama upo bado. Sikuulizi ya Iona, ya Iona nitakuuliza uso kwa uso. Nataka huyu tu. Huyu mmoja apate mama. Ukishindwa na hili, basi tumeachana mimi na wewe, na huyu wa mlangoni vilevile."

Dougal akakohoa. "Nenda ukanywe chai," akasema. "Umelowa. Mimi napanda juu kutengeneza uzio."

Ngaire akaenda. Akachemsha maji, akakaa jikoni dirishani na kikombe chake. Alikaa muda mrefu. Chai ilipoa bila kuguswa.

Aliporudi bandani, ile ngozi ya lavenda ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari. Mwanakondoo alikuwa uchi kama alivyozaliwa, kichwa chini ya tumbo la jike, mkia unatikisika kama kengele ya shule. Na jike alikuwa anamnusa mgongoni, anamlamba, anaguna ile sauti ya chini ambayo kondoo humpa mtoto wake peke yake.

Dougal akaingia, amelowa chapachapa, magoti yote matope.

"Nani amefanya hivi?" Ngaire akauliza.

"Amefanya nini? Mimi nilikuwa kwenye uzio."

Ngaire akamtazama mtu wake kuanzia kofia hadi magoti. Kengele ya kanisa ikalia ng'ambo ya mto. Ilikuwa Jumapili ya maua, ile ibada ya Septemba tunayojaza narisi kanisani mpaka mchungaji anapiga chafya katikati ya baraka.

"Washa gari," Ngaire akasema.

Aliingia kanisani na gambuti zake, nywele zimelowa, ananuka kondoo na lavenda. Nilikuwa kwenye benchi la nyuma. Nilisogea kumpisha, halafu nikasogea tena kwa sababu ya ile harufu. Akafungua mdomo akaimba. Tuni ilikuwa ileile ya kwake peke yake, na mpiga kinanda, Mungu amrehemu, alitabasamu akamfuata.

Masanduku yalitoka chini ya kitanda. Hayakwenda popote. Miaka miwili baadaye likaja gari la ustawi wa jamii na mtoto mchanga asiye na wazazi. Ngaire alimvisha sweta alilomfumia Iona. Mtoto huyo ni Rhona, huyu hapa mbele yangu, anajifuta pua kwa mkono kana kwamba hatumwoni.

"Sweta hilo alilifua kwanza," Rhona ananiambia. "Kwa lavenda. Alisema kwangu haina shida, mimi ndiye niliyetakiwa kumzoea yeye."

Tangu hapo, wasikilizaji, kila Septemba Ngaire alisimama Jumapili ya maua akasimulia habari ya yule kondoo. Wengi mlimsikia. Wengine mlikuwa mnasinzia, majina ninayo. Alisema vilevile kila mwaka: "Baridi hupita. Mimi sikuifukuza. Nilikuwa nimekaa tu dirishani, nikaona imepita." Aliwafariji wanawake waliofiwa, alipika mikate midogo ya skonsi ngumu kama mawe ya mtoni, na kila jike aliyemkataa mtoto bondeni aliletwa kwake. Ndiye mwanamke aliyekuwa hawezi hata kumchuna panya.

Ibada ya mazishi ni Alhamisi, saa tano asubuhi, kanisani kwetu. Alhamisi, saa tano. Familia inaomba maua ya uani kwako, usinunue. Kwa Mzee Dougal, kwa Rhona, kwa wajukuu: bonde zima lina huzuni pamoja nanyi, na tunawapa pole kwa mioyo yetu yote. Nanyi mnaonisikiliza, kabla ya kuwasha trekta leo, kaeni dirishani kidogo na kikombe cha chai. Mtazame nje. Pengine kuna jambo linafanyika pale chini ya mti, na nyinyi mmekazana kutazama kikombe.

Nilitaka nimalizie hapo. Lakini Mzee Dougal amenyoosha mkono kama mwanafunzi. Haya, Mzee, sogea hapo kwenye kipaza sauti. Usikipulizie.

"Nina neno," anasema Dougal. "Tangu Jumanne chakula hakipiti. Siku ile sikuwa kwenye uzio."

Ulikuwa wapi, Mzee?

"Nilimfukua yule mwanakondoo aliyekufa. Nikamsugua yule yatima kwa mzoga wake, kichwa hadi mkia, apate harufu. Nikamfukia tena, na kitunguu cha ua lake juu. Ndiyo maana jike alimkubali. Hapakuwa na muujiza, Coral. Nilikuwa mimi. Mke wangu amesimama kanisani maisha yake yote juu ya uongo wangu, na sasa amekwenda huko kwa Mungu na uongo huohuo mkononi. Wakimuuliza atasema nini?"



Rhona ameweka mkono wake juu ya mkono wa baba yake. "Baba," anasema. "Mama alikuwa anajua."

"Anajua nini?"

"Kila kitu. Kaburi lilikuwa mbele ya dirisha la jikoni, Baba. Alikuwa amekaa na chai anakutazama."

"Akanyamaza miaka yote hiyo?"

"Aliniambia nikiwa msichana. Akaniambia, 'Kondoo akimkubali mtoto si ajabu, kondoo ana pua. Nilimwomba Mungu mbele ya mtu asiyeamini lolote, na mtu huyo akatoka nje kwenye mvua kwenda kuchimba kwa mikono. Sasa nani alimtuma?'"

Dougal amevua kofia, ameiweka mezani.

"Haya," anasema mwishowe. "Alijua. Lakini msinifanye mtu wa dini sasa. Nilichimba tu. Kuomba sijawahi, hata siku moja."

"Mama alisema midomo yako ilikuwa inatembea."

"Nilikuwa nalaani matope."

"Na kofia, Baba? Alisema kabla ya kumfukia uliivua, ukaishika kifuani, na mvua ile yote inakupiga kichwani. Uliivua kwa nini?"

"Kofia?" anasema Dougal. "Ilikuwa inanibana."

Wasikilizaji wapendwa, kofia yenyewe iko hapa mezani karibu na kipaza sauti changu. Nimeigeuza. Ndani yake mna gazeti zima la wiki iliyopita, limekunjwa kuzunguka pande zote, ili isimwangukie puani.