Mwalimu Lydia Pallangyo na Kompyuta Iliyookoa Kozi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha katika Chuo cha Ufundi Naserian, hapa Sakina, Mwalimu Lydia Pallangyo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alikuja akiwa binti wa Kikatiti mwenye vidole vyepesi, akaajiriwa kufundisha upigaji chapa. Anaondoka akiwa mkuu wa karakana ya kompyuta. Jinsi alivyotoka huku akafika kule, wafanyakazi wapya hawajui, na sisi tuliokuwepo hatupendi jambo hilo lisahaulike.

Zamani darasa lake lilisikika mpaka barabara ya Nairobi. Mashine za taipu ziligonga kama mvua ya mawe juu ya bati, naye akipita katikati ya madawati akitaja herufi kwa sauti ya kwaya. Wahitimu wake walijaa katika ofisi za mjini. Kisha ofisi zikaachana na taipu, wanafunzi wakapungua, na mwaka 2011 bodi ya chuo ikaazimia kuifunga kozi yake. Yeye angehamishiwa mapokezi.

Hakwenda mapokezi. Alikwenda kwa mkuu wa chuo wa wakati huo, Mzee Parsimei Laizer, akaomba muhula mmoja tu. Angejifunza kuunda kompyuta ya mezani, kisha angeiunda mbele ya bodi. Ikiwaka, kozi ingebaki kwa sura mpya. Isipowaka, angekaa mapokezi bila kinyongo. Mzee Laizer akakubali, ingawa wote tulijua kwamba Mwalimu hakuwa amewahi kufungua hata kasha la kompyuta.

Tulidhani atakimbilia vipuri. Yeye akaanza na chumba. Aling'oa zulia, akapiga deki, akaziba nyufa za madirisha, maana vumbi la Sakina wakati wa kiangazi halina adabu. Akaomba meza pana ya mbao na taa ya kumulika. Ndipo akatafuta vifaa: bisibisi za ncha ya nyota zenye sumaku, brashi laini, kibano, vibakuli vya kutenganishia skrubu, grisi ya kupozea prosesa, na vifungo vya plastiki vya kukusanyia nyaya. Akatafuta pia mkanda wa kuvaa mkononi, unaozuia umeme ule unaotudonoa tukivua sweta mwezi wa Julai. Mdono mdogo tu kama huo, alitueleza, unaweza kuua kipuri.

Mwalimu wa umeme, Luqman Omary, alipoona wiki zinapita bila kipuri hata kimoja mezani, uvumilivu ukamwishia.

"Mama, ng'ombe hajaletwa, wewe unanoa kisu tu?"

"Akiletwa kisu kikiwa butu, Luqman, nitamfanya nini?"

Tulicheka. Ila kuanzia siku hiyo Luqman alikuwa akipita kila jioni kumwelekeza, hadi vipuri vikaletwa naye akajifunza kuviunganisha.

Siku ya bodi ikafika. Mwalimu alifunga kipuri baada ya kipuri bila haraka, kisha akabonyeza swichi huku ukumbi mzima ukitazama. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Akajaribu tena, hali ikawa ileile. Mjumbe mmoja akachukua kofia yake.

"Naomba mkae," Mwalimu alisema. "Chai bado ya moto."

Akachomoa waya wa umeme, akavaa tena mkanda wake, akaanza kufungua. Skrubu zikaenda kila moja kwenye kibakuli chake. Alipoinua ubao mkuu, ule unaobeba vipuri vyote, alikuta chini yake kimoja cha vile vijiguu vya shaba vinavyouinua ubao ndani ya kasha, kimefungwa mahali ambapo ubao hauna tundu. Kilikuwa kinaugusa ubao kwa chini na kukata umeme. Akakifungua, akakiweka mezani wajumbe wakione, akaunda upya tangu mwanzo. Safari hii feni haikusimama. Kioo kikawaka, na Mzee Laizer akawa wa kwanza kupiga makofi. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha karibu, akafunika uso kwa kitenge.

Kozi haikufungwa. Wahitimu wake leo wana maduka ya kutengeneza kompyuta kuanzia Kaloleni hadi Usa River, na mmoja wao, Hope Nnko, ndiye anayepokea karakana. Hadi leo mwanafunzi wa Mwalimu hagusi kipuri kabla meza haijakaguliwa, na anayeingia na kikombe cha chai hutolewa nje, awe mkuu wa chuo au nani.

Mwalimu anarudi Kikatiti kwenye migomba na wajukuu. Anasema anakwenda kupumzika. Tunasikia usharika wake tayari umemwekea kompyuta mbili mbovu pembeni.

Mwalimu Lydia, asante kwa kukataa kile kiti cha mapokezi. Mungu akupe afya, akupe siku ndefu zenye furaha, na kila utakachoanza kule nyumbani kiwake.