Matrida Aliyenyang'anywa Ufagio

Baba Padri, wakwe zetu wa hapa Bunda, wanakwaya, majirani wa Bweri na ndugu mliotoka Butiama, tumsifu Yesu Kristo. Familia imemtuma Felisiani, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya dada yake, na kikao cha jana kilimwelekeza kwamba akifika kwenye ugonjwa aseme "aliugua kwa muda mrefu" kisha apite haraka. Ijulikane mapema kwamba leo hapiti haraka.

Matrida Clementi Mugeta alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Butiama, mtoto wa pili wa Mzee Clementi Mugeta na Mama Ghati, ambao wote wametangulia mbele ya haki, akabatizwa mwaka huohuo, akakulia kwenye boma la ng'ombe ambako watoto wa kike waliamka kabla ya wa kiume na hakuna aliyewapa pole. Alisoma shule ya msingi hapohapo Butiama kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, mwaka uliofuata akaenda Nyegina kujifunza ushonaji kwa masista, na huko alipata kazi ya maisha yake pamoja na sifa ya mdomo, kwa sababu sista aliyemfundisha alikuwa na tabia ya kufumua mshono mbovu mbele ya darasa zima, naye Matrida siku moja akamfumulia wa kwake.

Mwaka 1988 alianza kazi ya ufundi cherehani mjini Musoma, kwenye kibaraza karibu na soko, akashona sare za shule na magauni ya kipaimara, na hata sare ambazo kwaya imevaa leo ni mkono wake, zile zinazobana kiunoni msimlaumu fundi, mlinenepa baada ya kupimwa. Tarehe 22 Juni 1991 alifunga ndoa takatifu na Rafaeli Mihayo, fundi wa injini za boti, mzaliwa wa boma hili, wakajenga Bweri, pembezoni mwa mji wa Musoma, wakati Bweri bado ni mashamba matupu, Mungu akawajalia watoto wawili, Fredi aliyezaliwa tarehe 5 Februari 1993, na Gloria aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1998. Rafaeli alifariki tarehe 3 Mei 2021, na leo mke wake analala pembeni yake.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 2012, mume yupo, watoto wanasoma, kazi ipo, na hilo ndilo lililowakera watu, kwamba hapakuwa na msiba wala njaa ya kusingizia. Aliamka mwili mzito, chakula hakina ladha, gauni la mteja analishika tangu asubuhi mpaka jioni bila kupitisha uzi kwenye sindano, machozi yanamtoka na hajui analia nini. Wengine walisema ni uvivu, wengine wakasema karogwa na fundi mwenzake, wengine wakasema anadeka kwa sababu mume anamlea mno, wote walikuja na maneno na hakuna aliyekuja na uji. Rafaeli hakuwasikiliza, akampeleka hospitali mjini Musoma, daktari akawaambia hii ni sonona, ni ugonjwa kama magonjwa mengine, akampa dawa, akamweleza pia kwamba dawa peke yake haitoshi, ajiwekee mambo madogo ya kila siku na ayafanye hata siku ambayo moyo haupendi, na hasa siku hiyo.

Matrida aliyashika. Aliamka jua likichomoza, akanawa uso, akafungua madirisha yote, akafagia uwanja wake kwa mkono wake, kisha akatembea kwa miguu mpaka mwaloni, boti za wavuvi zinakoshusha, kununua dagaa, bodaboda wakimpigia honi yeye anawapungia wapite. Alikula hata pale chakula kilipokuwa kama udongo mdomoni, akakaa kwenye cherehani na kujipangia mshono mmoja tu, ukiisha aangalie kama ana nguvu ya mwingine, jioni akaenda mazoezi ya kwaya kuimba sauti ya pili, usiku akazima simu mapema ili alale. Siku zilipokuwa mbaya kabisa alikwenda kwa rafiki yake Dorkas, muuza dagaa, wakakaa wanachambua dagaa, na Dorkas, Mungu ambariki, hakuwahi kumbana aseme ana nini. Aliyemshauri aache kuhangaika alijibiwa hivi: "Mimi nikikaaga tu, kichwa kinanigeuka, acha nifagie." Ugonjwa haukuisha, lakini kwa miaka zaidi ya kumi haukumweza.

Januari 2024 ukoo wa mume ulikaa kikao hapa, ukaona ni aibu mjane mgonjwa kuishi peke yake mjini wakati boma lina wakamwana, ukamleta Bunda. Wakwe zetu, hatukatai kwamba mlimpokea vizuri, mlimchinjia mbuzi, mlimwekea barazani kiti chenye mto, na tunasema mbele ya jeneza lake kwamba kiti hicho ndicho kilichommaliza. Akishika ufagio mkamwana anamnyang'anya, mama usitutie aibu, watu watasema hatukutunzi. Akiinua ndoo, mtoto keshaichukua, akitaka kutembea anaulizwa anakimbilia wapi, cherehani yake mkaifungia stoo ati apumzishe macho. Dawa zilipoisha hakuna aliyezifuata Musoma, ikasemwa kwamba vidonge vya wendawazimu havifai kuonekana kwenye boma la heshima. Pumzika mama, pumzika mama, kutwa nzima ni hilo. Alimpigia Dorkas simu akamwambia, "Huku wananipenda mpaka watanimaliza," na Dorkas akatuletea maneno hayo Butiama akilia.

Juni mwaka huu Felisiani na Gloria walikuja kumchukua, wakajibiwa kwamba mwanamke aliyetolewa ng'ombe harudishwi kwao kama aliyeshindikana. Ng'ombe wale walikwisha kufa na kuliwa, bado wakashinda. Julai aliacha kula, Septemba akashikwa na nimonia, akalazwa hapa Bunda, akahamishiwa Musoma, akafariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025 akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Nimonia hatuibishii, ila ilimkuta mtu aliyekwisha kunyang'anywa kila kitu alichojikinga nacho, na waliomnyang'anya walikuwa wanatabasamu.

Tuna hasira, na hatuiombei radhi, kwa sababu Gloria yule pale anaumwa ugonjwa uleule, ameturuhusu tuseme, na tangu Alhamisi amekalishwa kwenye godoro, ameshikwa mikono, jana aliomba achambue mchele akaambiwa mfiwa hafanyi kazi. Kesho asubuhi Gloria atafagia uwanja huu. Atakayemnyang'anya ule ufagio atueleze kwanza, hapahapa kaburini, Matrida alikufa kwa nini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bunda na Musoma, mafundi cherehani wenzake, wanakwaya, na majirani wa Bweri waliomfungulia mlango bila kumuuliza maswali. Dorkas, wewe hatuna cha kukulipa. Wakwe zetu, tunawashukuru kwa mbuzi na kwa kiti, tunajua hamkumtakia mabaya, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Cherehani tumekwisha kuitoa stoo, ipo garini, keshokutwa inarudi Bweri pamoja na Gloria, na tunaomba asijitokeze mtu wa kuishusha.

Dada Matrida, uliambiwa upumzike wakati bado una kazi ya kufanya, ukalichukia neno hilo, nasi tukalichukia pamoja nawe. Leo uwanja umefagiwa na mshono wa mwisho umekatwa uzi. Sasa ndiyo upumzike, dada, na iwe kwa amani.