Vidole Vyangu vya Majani Chai

Chamgei wamama! Hiyo salamu imelala, hebu tena, chamgei! Haya, asanteni. Mnaniona nimesimama hapa na nguo nyeupe na kofia ya unesi, na sitaficha, najisikia vizuri sana. Wacheni niringe kidogo, halafu niwaambie nilikopitia.

Nyinyi mnanijua. Kabla sijaitwa kusomea unesi, nilichuna majani chai hapa Mogogosiek pamoja na mama yangu. Kikapu mgongoni, mvua yetu, jua letu, mpaka kidole gumba na hiki cha pili vikawa vigumu kama kwato. Na ule weusi wa chai, nani hapa hajui? Unasugua na sabuni, unabaki pale pale.

Sasa tulipoingia wodini mara ya kwanza, mwalimu wetu, sista mmoja mkali, akasema tupime mpigo wa moyo kwenye mkono wa mgonjwa. Wenzangu wakashika, wakahesabu, wakaandika. Mimi nikashika mkono wa mzee mmoja, nikasogeza kidole huku na huku. Kimya. Sista akauliza, "Ngapi?" Nikasema, "Sista, sisikii kitu." Yule mzee akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Wewe msichana, mimi niko hai bado!" Wodi nzima ikaangua kicheko. Ndugu zangu, nawaambia, nilitamani ardhi ipasuke.

Sista hakucheka. Aliniita kando, akageuza mikono yangu, akauliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia. Nikajua basi, nimerudi shambani, kwa sababu mtihani wa wodi ulikuwa karibu, na aliyeanguka alienda nyumbani.

Lakini akasema, "Angalau umesema husikii. Nesi anayebuni namba ataua mtu. Gumba achana nacho, kina mpigo wake. Na hicho cha pili kimekufa ganzi. Tumia cha kati na cha pete, na usivute kama unachuna. Weka, ungoje."

Kungoja! Mimi, ambaye mikono yangu haijawahi kungoja kitu!

Likizo ikafika, nikarudi nyumbani. Kila jioni mama alisonga ugali kwa mkono mmoja, mwingine akaninyooshea. Amechoka, amelowa, lakini ananyoosha.

"Umesikia?"

"Bado, mama."

"Basi shika tena."

Majirani niliwashika, hata ng'ombe nilimshika mkia akanipiga teke. Msicheke, ni kweli! Halafu jioni moja, nimeweka vidole, nangoja kama sista alivyosema, mpigo ukaja. Tu, tu, tu, chini ya vidole vyangu. Nililia nikiwa bado nimemshika, mama naye akalia, na ugali ukaungua.

Siku ya mtihani mimi nilishika mkono mmoja wa mgonjwa, sista akashika ule mwingine. Tulipomaliza nikataja namba yangu. Akaniangalia, akasema, "Ndiyo hiyo." Mpaka leo naisikia sauti yake.

Namshukuru sista. Namshukuru yule mzee, alirudi kwake mzima. Nawashukuru nyinyi mlioniombea. Na binti zenu walio shambani waambieni hivi: kama husikii, sema husikii, ndipo utafundishwa.

Mama, simama wakuone. Inua mkono. Shule yangu ya kwanza ni huo, wamama, na unapiga vizuri sana. Nimeushika asubuhi hii kabla hatujatoka nyumbani.