Pengo la Kushoto la Mzee Panua

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, mimi ni mdogo wake marehemu wa kufuatana naye, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, hata pale ambapo wengine wangependa nipite harakaharaka.

Kaka alizaliwa tarehe 9 Mei 1964, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, ambako gego lake la chini upande wa kushoto lilioza likang'olewa, likamwachia pengo lililoonekana kila alipocheka, na alicheka sana.

Mwaka 1985 alijiunga na chuo kusomea upigaji picha za eksirei, na Januari 1988 akaajiriwa hospitali ya meno, kwenye chumba kisicho na dirisha, alikofanya kazi maisha yake yote akiwaambia watu wapanue mdomo, hadi watoto wa mtaani wakamwita Mzee Panua, jina alilolinunia mwanzoni na baadaye kuliitikia hata sokoni. Ajali ilipotokea na sura za watu zisitambulike, aliletewa picha za meno ya maiti, akazilinganisha na zile walizopigwa wakiwa hai, na wengi walirudi kwa watu wao wakazikwa. Filamu ya meno ina kinundu kidogo pembeni, ukiibandika kinyume kushoto kunakuwa kulia, kwa hiyo aliwafokea wenzake kazini, na sisi mezani tukila, kwamba kinundu kikutazame wewe.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1993 na shemeji yangu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 2 Februari mwaka jana alisafiri kwenda kukagua mashine ya hospitali nyingine, akalala nyumba ya wageni, nayo ikaungua kabla hakujapambazuka. Wataalamu walipoomba picha yake ya meno ilipatikana moja tu, aliyojipiga mwenyewe siku ya kujaribu mashine mpya, wakatumiwa nakala kwenye kompyuta, wakajibu kwamba mtu wa pichani ana pengo kulia, na maiti mwenye pengo aliyepo analo kushoto, basi si yeye. Shemeji aliwaambia mume wake ana pengo kushoto, wakamjibu kwa upole kwamba majonzi huchanganya kumbukumbu.

Tangu hapo hatukuwa na maiti wala mtu. Kumlilia tuliogopa, maana ungekuwa uchuro, na kutumaini kulituchosha, shemeji akawa halali bila kuacha mlango bila komeo, asije akakuta pamefungwa, na binti mkubwa akamwambia mchumba wake asubiri, kwa kuwa baba ndiye atakayemtoa. Wakati huohuo maneno yakazagaa kwamba kaka ametorokea kwa mwanamke mwingine, na baadhi ya walioyasema wamekaa viti vya mbele hapa, poleni na safari.

Januari mwaka huu nesi aliyefanya naye kazi alikuwa akipanga kabati la zamani, akaikuta filamu yenyewe, akaipapasa kwa dole gumba kama alivyofundishwa, na kinundu kilikuwa nyuma. Kaka yangu, aliyetukosesha raha mezani kwa kinundu, aliibandika ya kwake kinyume, huenda kwa kucheka, na kwenye kompyuta kinundu hakipapaswi. Picha ilipogeuzwa ililingana na ya maiti yule kila jino, naye muda wote alikuwa kwenye jokofu la mochwari, akiitwa kwa namba. Niliposikia nilicheka, kisha nikalia.

Tunawashukuru madaktari waliokubali kuangalia upya bila kuona haya, majirani waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake, na kipekee nesi huyu, ambaye kwetu sasa ni dada. Shemeji, ulisema kushoto, na ilikuwa kushoto.

Kaka, binti yako nitamtoa mimi kwa niaba yako, na leo mkeo atafunga mlango kwa komeo kwa kuwa anajua ulipo, basi nawe pumzika kwa amani.