Mipaka Iliyotoweka Runyenjes

Runyenjes ni mji wa wakulima wa kahawa wasiokunywa kahawa: kahawa hupelekwa kiwandani, naye mkulima hurudi nyumbani akanywa chai. Ni kijiwe cha Eunice pekee kilichoikaidi desturi hiyo, tangu mwenyewe aliporejea kutoka Mombasa mwaka wa 2009 akiwa na birika, jiko la makaa na maoni mengi. Alasiri ya Ijumaa, tarehe 16 Juni 2023, manyunyu ya baridi yakidondoka, benchi lake lilikuwa limekaliwa na watu watatu. Mwisho wa kushoto alikaa Gitari, aitwaye Karani kwa kuwa aliitumikia serikali kwa kalamu kutoka mwaka wa 1971 hadi alipostaafu mwaka wa 2006. Mwisho wa kulia alikaa jirani yake Njoka, aitwaye Mahakama, maana hata kuku wa mtu akivuka ua hutaka hakimu ajue. Katikati yao aliwekwa Ngari wa boda boda, aitwaye Setilaiti kwa wingi wa habari zake, na aliwekwa hapo makusudi, kwa sababu wazee wale wawili hawakuwa wakisemezana vizuri.

Chanzo kilikuwa itoka. Kwa asiyelijua, itoka, kwa wingi matoka, ni mmea wenye tunguu chini ya ardhi, majani marefu na ua jeupe. Mbuzi hauli, jua haliuui, na wazee wa kale waliupanda mpakani mbele ya majirani wote wawili. Kuung'oa ni kosa la kulipa mbuzi. Sasa matoka yote kati ya shamba la Karani na la Mahakama yalikuwa yametoweka, mvua ikayafuta hata mashimo yake, na hapo hapo palisimama mkadamia, mti wa njugu za makadamia, uliozaa vizuri, ambao kila mmoja aliuita wangu. Kesho yake wazee wangekaa kikao. Asipojulikana aliyeyang'oa, ujirani wa maisha mazima ungeishia kortini, na Karani, aliyewahi kuona kortini mti ukisubiri hukumu hadi ukakauka, hakuwa amelala vema wiki nzima.

— Si nyinyi tu, wazee, alisema Setilaiti. Kwa Ireri yameenda. Kwa mama Wambeti yameenda. Mpaka ile laini ya kanisa, hakuna kitu! Hii ni kazi ya mtu mkubwa.

— Mkubwa gani? aliuliza Mahakama.

— Yule mzungu wa shule. Volontia. Helmi.

Karani alimjua kwa mbali. Alikuwa msichana wa Finland aliyefika mwezi wa Mei kuwafundisha watoto wa shule ya msingi habari za udongo na miti, pasipo mshahara.

— Bure! alisema Mahakama. Hapo ndio mimi hushtuka. Mtu anapanda ndege, anajilipia nauli, anakuja kuonyesha watoto wetu vile mti hupandwa. Kwani kwao hakuna miti?

— Iko mingi kuliko watu, alisema Setilaiti. Nimeona kwa simu.

— Haya basi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu hakucheza kwao. Kwa hivyo kwao alifukuzwa.

— Methali hiyo haisemi hivyo, Njoka, alisema Karani.

— Haisemi hivyo kwako. Kwangu imesema.

— Na ile ingine, Setilaiti alidakia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alishika jembe siku ya kwanza, bila kupewa! Mimi ndiye nilimbeba kutoka steji. Alikuwa na kajembe ka kukunja, ndani ya begi. Sasa niambieni, mtu mzuri hutembea na jembe ya kukunja?

— Ya kuchimba nini? aliuliza Eunice.

— Kaboni.

Benchi zima lilitikisa vichwa kwa heshima, kama ifanyikavyo neno kubwa linapotamkwa na mtu asiye na shaka.

— Kaboni huchimbwa? Eunice aliuliza tena, akimimina.

— Mama, sikiza. Mmea huvuta kaboni kutoka hewani. Inashuka, inalala kwa mizizi. Wazungu huinunua. Sasa piga hesabu: itoka imekaa hapo tangu nyinyi wazee mkiwa vijana, inakula kaboni tu, mbuzi haiguzi. Hiyo ni benki! Amefungua benki zetu zote na kajembe.

Karani alitaka kucheka. Lakini alikuwa mtu wa historia, na historia humvuta mtu wake kwa mkono.

— Sikubaliani na habari za kaboni, alisema, akiweka kikombe chini. Hebu tutazame tarehe. Mwaka wa 1906 Waingereza waliingia Embu kwa bunduki. Je, bunduki ilitangulia? La. Wa kwanza huja na fadhili, wa pili huja na kamba ya kupimia. Mipaka ikishafutwa, tarafa nzima ni shamba moja. Na shamba moja huwa na mwenyewe mmoja.

— Eh! Mahakama alisogea mbele. Sasa Karani umeongea.

— Halafu kwao ni baridi, Eunice aliongeza. Nasikia kuna miezi jua halitoki kabisa. Mtu hupanga mapema. Anataka kuwaleta wote.

— Wote wangapi? aliuliza Mahakama.

— Ni kidogo tu, alisema Setilaiti. Milioni tano na kitu. Ukitoa mipaka, wanatosha kutoka hapa hadi Manyatta, wakilala wakiangalia upande mmoja.

— Na mkadamia wangu utakuwa kivuli cha rais wao, alisema Mahakama kwa uchungu.

— Mkadamia wako?

— Wangu, Karani. Kesho wazee watakwambia.

— Kesho wazee watakwambia wewe.

— Wazee, wazee! Eunice aliinua kijiko. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ndiyo sababu siuzibi, mama, alisema Mahakama. Mimi nataka ukuta.

Hapo ndipo Helmi alipotokea, viatu vyake vya mpira vikiwa na matope hadi magotini, gunia mgongoni, na shingoni kitambaa alichoshonewa na akina mama wa kanisa.

— Shikamooni, wazee wangu.

Huko Runyenjes shikamoo ni neno la vitabuni. Setilaiti alijibu, "Poa." Mahakama alijibu, "Asante." Karani peke yake aliinuka nusu, akavua kofia.

— Marahaba, binti. Karibu.

Lilimtoka kwa utamu mkubwa, kiasi kwamba kwa nukta moja alisahau kuwa msichana yule alikuwa akiinyakua tarafa.

— Nimekuja kuomba radhi, alisema Helmi, akiwa bado wima. Mteremko wa shule ulikuwa unamomonyoka. Mwezi uliopita niliwaomba wanafunzi, kila mmoja alete kutoka kwao mmea wa kienyeji usiouawa na jua, usioliwa na mbuzi, na unaoshika udongo. Nilidhani wataleta mimea ya kila aina. Wakaniletea aina moja. Nikafurahi mno! Nikaandika nyumbani kwamba jamii nzima imekubaliana. Jana mwalimu mkuu alinieleza mmea ule ni nini.

Mahakama alikuwa amefungua kinywa na kukisahau wazi.

— Watoto wetu? alisema hatimaye.

— Na wajukuu. Mjukuu wa Mzee Gitari ndiye aliyeleta mengi. Yeye na mjukuu wako, mzee, waliyang'oa pamoja. Walifanya kazi nzuri, walitoa hadi mizizi.

Eunice aligeukia jiko ili asionekane, lakini mabega yake yalimsaliti.

— Kwa hivyo hakuna kaboni, alisema Setilaiti, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

— Kaboni ipo kidogo, Helmi alimfariji.

Kisha akalitua gunia, akalifungua. Ndani mlikuwa na matoka, mabichi, yamefungwa kwa majani ya mgomba ili yasikauke.

— Nitayarudisha yote kwa mikono yangu. Haya ni ya mashamba yenu. Naomba tu mnijulishe jambo moja. Yalikuwa wapi?

Karani alijinyoosha. Swali hili lilikuwa lake. Alikuwa amelingoja wiki nzima, na labda maisha yake yote.

— Matoka haya, binti, yalipandwa Jumanne, tarehe 9 Aprili 1968, saa nne za asubuhi. Manyunyu kama haya. Baba yangu akiwa upande wa juu, baba yake Njoka upande wa chini. Mimi ndiye niliyeshika panga. Alichinjwa mwanambuzi mwenye doa jeusi sikioni.

— Vizuri sana, mzee. Wapi?

Karani alifungua kinywa. Aliiona siku ile yote: vumbi la tumbaku kwenye koti la baba yake, mwanambuzi, doa. Aliwaona wazee wakiinama. Alichoshindwa kukiona ni ardhi iliyokuwa chini ya miguu yao.

— Karibu na mkadamia, alisema.

— Mwaka huo mkadamia haukuwepo, alisema Mahakama polepole.

— Upande gani wa mkadamia? aliuliza Helmi.

Karani alimtazama Mahakama. Mahakama alikitazama kikombe, maana naye hakukumbuka.

— Si kuna ramani ya ardhi huko Embu? alisema Setilaiti.

— Nimeiona kwa macho yangu, Karani alijibu. Mstari wake ni mnene kuliko hicho kipande tunachogombania.

Helmi alimkabidhi kila mzee fungu lake la matoka kwa mikono miwili, akasema kwamba bado alipaswa kupita kwa Ireri, kwa mama Wambeti na kanisani, na labda huko wangekumbuka. Setilaiti akamchukua kwa boda boda, bila nauli, naye alipokumbuka kushangaa kwamba na yeye amekuwa volontia, walikuwa wamekwisha kupita soko.

Wazee walibaki na mafungu yao mapajani, kama watu waliobebeshwa watoto wachanga. Hakuna aliyeinuka, kwani kila mmoja alikuwa amekwisha kuelewa: atakayefika nyumbani kwanza ndiye atakayepanda kwanza, na itoka likishasimama ardhini hakuna wa kuling'oa; basi kuinuka kwanza kulikuwa sawa na kukiri wizi.

— Wewe nenda tu, Karani. Baridi itakuumiza kifua.

— Tangulia wewe, Njoka. Goti lako halipendi manyunyu.

— Niongeze kikombe, Eunice.

— Na mimi.

Eunice aliinamisha birika. Lilitoa tone moja, likakoma.

— Kahawa imeisha, wazee wangu. Nafunga.

Waliinuka kwa pamoja, kama walioitwa na kengele moja. Wakashika njia ya nyumbani, Karani akirefusha hatua kila Mahakama aliporefusha, Mahakama akipunguza kila Karani alipopunguza, matoka yakiwa kifuani. Akina mama waliokuwa wakitoka sokoni walisimama kuwatazama wakipita bega kwa bega, na mmoja akasema afadhali, wazee hawa wamepatana.